Hedifoni ya DJ: namba za kwenye boksi na kinachosikika ukumbini

Ingia duka la vifaa vya muziki, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, useme unatafuta hedifoni ya DJ. Muuzaji atakutolea boksi tatu nne na kuanza kukusomea namba: milimita 50, Hz 40,000, omu 32, miliwati 3,500. Namba zenyewe ni za kweli. Shida ni kwamba nyingi hazigusi swali lililokupeleka dukani, na zile chache zinazoligusa husomwa kinyumenyume. Ndiyo maana utamkuta DJ amenunua hedifoni ya bei kubwa, anaifurahia akiwa chumbani kwake, halafu akifika ukumbini anafungulia sauti mpaka mwisho na bado hasikii kiki, lile pigo la ngoma kubwa, inaangukia wapi.

Tuanze na kazi yenyewe. DJ anaendesha ngoma mbili, yaani nyimbo mbili, kwa wakati mmoja. Moja iko hewani, watu wanaicheza. Ya pili anaisikia yeye peke yake: anaitafutia pa kuingilia, anaiwekea kasi inayolingana na ya kwanza, anapima kama biti zimekaa juu ya biti, ndipo anaiachia. Kitufe cha kyu kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kipo kwa ajili hiyo tu, kuipeleka ngoma ya pili sikioni kabla haijafika kwenye spika. Utaratibu huu ulijengeka kwenye klabu za New York mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Francis Grasso, aliyekuwa akipiga katika klabu ya Sanctuary, ndiye anayetajwa sana miongoni mwa waliouanzisha. Santuri zimepungua, zikaja CD, zikaja flashi, leo wengi wanatumia laptop na kontrola, kile kibao cha vitufe kinachoendesha programu ya DJ, lakini sikio la DJ bado linafanya kazi ileile.

Wapo wanaouliza kama bado kuna haja, maana programu za siku hizi zina kitufe cha kusawazisha kasi. Haja ipo. Programu inalinganisha ngoma kwa kufuata gridi, yaani mistari ya biti iliyojichorea yenyewe, na gridi hiyo hukaa vizuri kwenye muziki uliotengenezwa kwa kompyuta. Weka zilipendwa, rumba au taarab iliyorekodiwa bendi nzima ikipiga pamoja studioni, mpiga ngoma akiongeza kasi kidogo kidogo pale gitaa la solo linapochachamaa, uone gridi inavyoachwa nyuma. Hapo hakuna wa kukuokoa isipokuwa sikio lako.

Na sikio haliwezi kutegemea ukumbi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye kumbi za harusi DJ mara nyingi husukumwa kona, spika kuu zikiwa mbele kule jukwaani. Zikiwa mita 17 kutoka mezani kwako, unachokisikia kutoka kwao kimechelewa milisekunde 50 hivi. Ngoma ya biti 120 kwa dakika ina milisekunde 500 kwa kila biti. Ukiioanisha ngoma ya sikioni na kile kinachokufikia kutoka kwenye spika za mbali, umeshakosea sehemu ya kumi ya biti, na watu watasikia kiki mbili zikifukuzana. Kinga yake ni spika ndogo iliyo karibu na meza, na kama haipo, ile swichi ya miksa inayozichanganya ngoma zote mbili ndani ya hedifoni, ili zote zikufikie kwa wakati mmoja. Hapo hedifoni inakuwa ndiyo shahidi wako pekee. Hedifoni ya kustarehe inatakiwa ikupendezee. Ya DJ inatakiwa ikwambie ukweli haraka, katikati ya kelele.

Kuzuia kelele kwanza, utamu baadaye

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kutafuta, kabla ya besi na kabla ya jina la kampuni, ni uwezo wa kuzuia kelele za nje. Hapa hedifoni zenye mgongo wazi, zile zenye matundu nyuma ya kikombe ambazo watu wa studio huzisifia kwa sauti pana, zinaondoka kwenye orodha moja kwa moja. Zinaruhusu ukumbi uingie. Unabaki na zenye mgongo uliofungwa, na hizo ni za aina mbili: zinazolizunguka sikio lote na zinazokaa juu ya sikio.

Watu wengi hudhani zinazolizunguka sikio lazima zizuie zaidi. Si lazima. Kinachozuia kelele ni muhuri kati ya mto wa hedifoni na kichwa chako, na nguvu inayoubana mto huo. Sennheiser HD 25, iliyotoka mwaka 1988 ikiwa imelengwa kwa watangazaji na mafundi sauti wanaofanya kazi nje ya studio, ni ndogo, inakaa juu ya sikio, ina uzito wa gramu 140 tu bila waya, na bado inazuia kelele vizuri kuliko hedifoni nyingi kubwa, kwa sababu inabana. Ubanaji huohuo ndio unaowafanya wengine waikimbie: baada ya saa mbili masikio yanauma. Upinde wake umegawanyika mara mbili ili uutanue na kupunguza shinikizo, na mito yake hulainika kwa kutumika, lakini mtu mwenye masikio yanayoumia haraka asijidanganye kwamba atazoea.

Muhuri huo huvunjwa na vitu vidogo. Mikono ya miwani hupita katikati ya mto na ngozi na kuacha mwanya. Rasta, nywele zilizosukwa, hijabu, hata kofia ya kapelo, zote hubadilisha namna kikombe kinavyokaa. Jaribu hedifoni ukiwa umevaa unavyovaa kazini.

Kwa nini nasisitiza jambo hili kuliko mengine yote? Kwa sababu hedifoni isiyozuia kelele haiharibu shoo tu, inaharibu masikio. Chukua ukumbi wenye desibeli 100 pale mezani kwako. Kama hedifoni haizuii kitu, itabidi ngoma ya sikioni uifikishe desibeli 100 na kuendelea ndipo uitofautishe na ya nje. Kama inapunguza desibeli 15, kelele inayofika kwenye sikio lililofunikwa (DJ hufunika moja, lingine huliacha wazi) ni 85, na unaweza kufanya kazi yako yote kwenye 90 hivi. Desibeli kumi ni tofauti kubwa sana. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi na matamasha, vinavyotaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Sasa piga hesabu ya harusi inayoanza saa 1 usiku na kwisha saa 7, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima.

Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo, zikifa hazioti tena. Ule mlio mwembamba unaokufuata nyumbani baada ya kazi, ambao vijana huuchekea na kuuita uchovu, ni onyo. Ukiona unaupata kila wikiendi, fedha za kwanza zipeleke kwenye vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa uwiano bila kuzifanya zififie, uvae kimoja kwenye sikio lililo wazi. Hedifoni mpya ifuate.

Kuna wanaokimbilia hedifoni zenye betri zinazofuta kelele zenyewe, zile za kwenye ndege. Zinafanya kazi nzuri sana dhidi ya muungurumo usiobadilika, kama wa injini. Muziki si muungurumo. Unabadilika kila nusu sekunde, una mapigo ya ghafla, na mfumo wa kufuta kelele unaweza hata kuchafua kile unachotaka kukipima. Ziache kwa safari.

Besi inayodanganya

Hapa ndipo wengi wanaponunua vibaya, na inaeleweka, kwa sababu muziki wetu unapenda besi.

Vikombe vya plastiki na sponji huzuia sauti za juu na za kati kwa urahisi. Besi ya chini haizuiliki hivyo. Inapita kwenye kikombe, inapita kwenye mwili, unaisikia kifuani na kwenye mifupa. Maana yake ni kwamba haijalishi umevaa hedifoni gani, besi ya ukumbi itakuwa imeshafika kichwani mwako. Ukiongezea hedifoni iliyotengenezwa kujaza besi, ngoma mbili zinarundikana palepale chini, na huwezi tena kujua ipi ni ipi.

Kinachokuonyesha mahali pa biti ni ile ncha ya kiki, mlio mkavu mfupi wa pigo linapoanza, ambao uko kwenye masafa ya juu zaidi, kama Hz 2,000 hadi 4,000. Pamoja nao ni sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, na haihati, yale matoazi madogo. Kwenye amapiano, inayotembea kwenye biti 112 hivi, ile besi ya ngoma ya gogo (log drum) huruka nje ya biti kwa makusudi. Ukiifuata hiyo utapotea. Anayeshika wakati ni kayamba. Kwenye singeli, inayoanzia biti 200 kwa dakika na kupanda hadi karibu 300, biti moja haifiki theluthi moja ya sekunde, na hedifoni yenye besi inayoburuza mkia itakuunganishia kiki zote ziwe uji. DJ wa singeli kuliko DJ yeyote anahitaji hedifoni inayokata sauti haraka na yenye sehemu ya kati iliyo mbele. Dukani itaonekana kavu kidogo. Ukumbini ndiyo inayosikika.

Sisemi besi isiwepo. Bila besi hutajua kama ngoma ina besi dhaifu au imerekodiwa vibaya mpaka itakapokuaibisha kwenye spika. Ninachosema ni kwamba hedifoni ikikusisimua sana kwenye sekunde kumi za kwanza dukani, ishuku.

Namba, moja moja

Milimita 40 au 50 ni kipenyo cha kiwambo, ile sehemu inayotikisika ndani. Kiwambo kikubwa kinaweza kusukuma hewa zaidi, lakini ubora wake unategemea kilivyotengenezwa na kikombe kilichokishika. Usilipie milimita kumi.

Hz 5 hadi 40,000 ni masafa ambayo mtengenezaji anasema hedifoni inayafikia. Sikio la kijana mwenye afya linasikia kati ya Hz 20 na 20,000, na ule upande wa juu hupungua umri unavyokwenda. Namba inayozidi hapo haina msaada kwa kazi yetu, na haikwambii masafa yaliyo katikati yamesawazishwa vipi, jambo ambalo ndilo ulilotaka kulijua.

Miliwati 2,000 au 3,500 ni kiasi cha umeme ambacho hedifoni inavumilia kabla ya kuungua. Ni namba ya uvumilivu. Haisemi hedifoni ina sauti kubwa kiasi gani.

Zinabaki omu na unyeti, na hizi mbili lazima zisomwe pamoja. Omu ni ukinzani wa koili dhidi ya umeme. Unyeti ni sauti unayopata kwa kiasi fulani cha umeme. Mtaani husemwa kwamba omu chache ndiyo sauti kubwa, basi. Tupime kwa mfano wa kweli. Audio-Technica ATH-M50x ina omu 38, na unyeti wake ni desibeli 99 kwa kila miliwati 1. HD 25 ina omu 70, na Sennheiser wanasema inatoa desibeli 120 kwa volti 1. Moja imepimwa kwa miliwati, nyingine kwa volti, kwa hiyo ukilinganisha 99 na 120 hivihivi unajidanganya. Ziweke kwenye kipimo kimoja. Volti 1 kwenye omu 38 inazaa miliwati 26 hivi, na mara 26 ni ongezeko la desibeli 14. Basi M50x kwenye volti 1 inatoa kama desibeli 113. HD 25, yenye omu karibu mara mbili, bado inaizidi kwa desibeli 7. Unaisikia tofauti hiyo bila kutafuta.

Jambo hili lina uzito hasa kwa anayetumia kontrola ndogo inayokula umeme wa laptop. Waya wa USB 2.0 unatoa volti 5 na miliampea 500, yaani wati 2.5 kwa kifaa kizima: taa, vitufe, sauti ya nje na sauti ya hedifoni. Hakuna ziada. Kwenye kontrola kama hizo hedifoni ya omu 32 hadi 70 yenye unyeti mkubwa ndiyo inayofaa. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, huuzwa ikiwa na omu 32, 80 au 250, na sura ni ileile. Mtu akichukua ile ya 250 kwa kusikia kwamba ndiyo ya studio, akaichomeka kwenye kontrola ya kuanzia, atapata mnong'ono. Kwenye miksa kubwa ya klabu hali ni tofauti, kwa sababu ile ina umeme wake na mkuzo wa kutosha. Kwa hiyo kabla hujauliza hedifoni ipi ni bora, jiulize utaichomeka wapi.

Bila waya?

Swali hili linaulizwa kila siku, na jibu lake linahitaji hesabu fupi. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 150 hadi 250, kwa sababu sauti inabanwa, inatumwa, inasubirishwa, kisha inafunguliwa. Ukitazama filamu simu yako hurekebisha picha iendane na sauti, husikii tofauti. DJ hana picha ya kurekebishwa. Anagusa, anasubiri, na sauti inamfikia mkono ukiwa umeshaondoka. Kwenye singeli ya biti 240, biti moja ni milisekunde 250, kwa hiyo ngoma inaweza kukufikia ikiwa imechelewa biti nzima na ikajifanya imekaa sawa. Hatari kubwa kuliko hiyo sijui kama ipo.

Zipo njia nyingine zisizotumia Bluetooth kwa kazi hii. AlphaTheta, kampuni iliyokuwa ikijulikana kama Pioneer DJ, ina HDJ-F10 yenye mfumo wake wa SonicLink: kuna kisambaza sauti kidogo unachokichomeka kwenye miksa, na ucheleweshaji unaotajwa ni milisekunde 9. Huo ni sawa na kusimama mita tatu kutoka kwenye spika, na mkono wa DJ unaweza kuuvumilia. Lakini umeongeza betri za kuchaji na kifaa kimoja zaidi cha kupoteza, na bei inapanda. Kwa mtu anayepiga kwenye kumbi ambazo umeme wenyewe unasumbua, mimi bado nachagua waya.

Kinachokatika kwanza

Hedifoni ya DJ haifi kwa kuungua. Inakufa kwenye waya, kisha kwenye mito, kisha kwenye bawaba. Inavutwa, inaning'inizwa shingoni, inabanwa kati ya bega na sikio mara mia kwa usiku mmoja, inaangushwa, inatupwa kwenye begi pamoja na waya za umeme.

Waya ukipandwa moja kwa moja kwenye kikombe, siku ukikatika unahitaji fundi. Kazi ya fundi redio si mbaya, na wapo hodari. Mwangalie anavyofanya: anakata pale waya ulipojikunja karibu na pini, anamenya gamba, ndani zinatokea nyuzi nyembamba za rangi, mara nyingi nyekundu ya kulia, kijani au bluu ya kushoto, na ya shaba ya pamoja. Nyuzi hizo zimepakwa vanishi. Fundi asiyejua anaweka risasi juu yake, inaonekana imeshika, na kesho upande mmoja umekufa. Anayejua huichoma ile vanishi kwanza kwa ncha ya pasi ya risasi mpaka shaba ing'ae, ndipo anaunganisha. Ukiona fundi ameruka hatua hiyo, mwambie.

Hata hivyo ni afadhali zaidi waya unaochomoka. Ukikatika saa 4 usiku unachomeka mwingine, shughuli inaendelea. Kagua tu unachomoka kwa pini ya aina gani. M50x inatumia pini ya milimita 2.5 inayozungushwa ikajifunga, kwa hiyo waya wa simu wa milimita 3.5 hautaingia, na lazima uwe na akiba ya kwake. Chagua waya wa springi kama unasogea sana, ulionyooka kama unasimama mahali pamoja. Ule wa springi una uzito na huvuta sikio. Na adaputa ya milimita 6.3 iwe ya kufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, kwa sababu ile ya kusukumwa tu hubaki ndani ya miksa ya watu ukishavuta waya.

Mito ni ugonjwa wa pwani. Kwenye joto na jasho la Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ngozi bandia hubanduka na kuacha vipande vyeusi kwenye shavu. Mito ya kitambaa hupumua vizuri zaidi lakini hupitisha kelele, na tumeshaona kelele ina maana gani. Basi kubali kwamba mito ni kitu cha kubadilishwa, na kabla ya kulipa uliza kama inauzwa peke yake. Hapa HD 25 inastahili heshima yake: waya, mito, upinde, hata kapsuli yenyewe ya sauti, kila kimoja kinanunuliwa kando na kubadilishwa kwa mkono bila kulehemu. Wadenmark wa AIAIAI nao waliijenga TMA-2 kwa fikra hiyohiyo ya vipande vinavyoachana. Hedifoni ya bei nafuu isiyo na vipuri inaweza kukugharimu zaidi ndani ya miaka mitatu kuliko ile uliyoiogopa dukani.

Bawaba zitazame kwa macho na zisikilize kwa sikio. Zungusha kikombe kimoja kama utakavyofanya kazini. Kikilia kama plastiki inayokaribia kupasuka, kitapasuka.

Ningemshauri nani anunue nini

Anayefanya kazi kila wiki, kumbi tofauti, mvua na vumbi: HD 25, isipokuwa kama masikio yake hayavumilii kubanwa. Asiyevumilia atazame hedifoni kubwa za Pioneer DJ za familia ya HDJ-X, ambazo hulizunguka sikio na zimetengenezwa kwa ajili ya kuzungushwa na kukunjwa. Anayeanza, mwenye kontrola ndogo na bajeti ya mwanafunzi, HDJ-CUE1 ya Pioneer DJ haohao itamfikisha mbali. Ni ya kawaida kwa sauti lakini waya wake unachomoka. Anayegawanya muda kati ya kupiga na kutengeneza muziki nyumbani, M50x inamfaa pande zote mbili, mradi ajue kwamba haina nguvu sawa kwenye kelele nzito. Sony MDR-7506, ambayo imekuwapo tangu 1991 na utaiona kwenye studio nyingi za redio, naipenda sana kwa kusikiliza makosa ya sauti, lakini waya wake umepandwa, na kwenye meza ya DJ hilo ni kosa kubwa kwangu.

Feki ni nyingi, hasa za hizo zinazojulikana. Pima uzito mkononi, tazama maandishi ya kushoto na kulia, chomoa waya uone kama pini imekaa imara, linganisha na picha za mtengenezaji mwenyewe. Bei ikiwa nusu ya kila mahali, hakuna bahati hapo.

Nenda dukani na flashi yenye nyimbo zako, zile unazozijua kila pigo, na uombe uijaribu kwenye kontrola au miksa. Simu haitakwambia kama sauti inatosha. Mwombe muuzaji afungulie spika za duka kwa nguvu, na kwenye Kariakoo hilo halina ugumu. Vaa sikio moja tu. Weka ngoma moja nje na nyingine sikioni, zenye kasi zinazokaribiana, ujaribu kuzioanisha sauti ya hedifoni ikiwa nusu. Ukiweza kwa nusu, umeipata. Ukilazimika kuvuka robo tatu ndani ya duka, ukumbini haitakutosha, hata muuzaji akupunguzie bei vipi.